Nyoka wa Bi Elvie na Idara ya Upepo Usioalikwa

Je, wewe uliyekaa hapo na shali mabegani, umewahi kuona upepo ukipigwa marufuku kwa tangazo lenye mihuri miwili? Kama hujaona, basi hukuwepo Hollow Tier, mji mdogo wa milimani katika kisiwa cha Tasmania, mwaka ule.

Ilikuwa Jumatatu ya kwanza ya Juni, mwezi ambao huko ni wa baridi kali, asubuhi ambayo maji ya mbwa yaliganda bakulini. Tangazo lilibandikwa kwenye ubao ulio nje ya duka la mikate. Lilikuwa na nembo ya halmashauri juu, na nembo nyingine chini endapo ile ya juu ingechanika. Katikati palikuwa na maneno haya:

"WANANCHI WOTE WANATAARIFIWA KWAMBA KUANZIA LEO UPEPO HAURUHUSIWI KUINGIA KATIKA NYUMBA YA MAKAZI BILA IDHINI. Idara mpya ya Upepo Usioalikwa imeundwa ili kusimamia uzibaji wa nyufa za nje za kila nyumba, kupunguza gharama za kupasha moto, na kurejesha heshima ya kuta. Kila kaya itapewa Afisa. Wenye maombi wafike ofisini kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa mlango wa mbele haufungi."

Saini: Desmond Purkiss, Mkurugenzi.

Watu walisoma, wakapiga makofi. Walikuwa wamevaa glavu nene za sufu, kwa hiyo makofi hayakusikika, lakini Idara iliyahesabu. Upepo wenyewe, ambao inaelekea haukusoma shule, ulilibandua tangazo kabla ya saa nne, ukalipeperusha hadi nje ya mji, ukalinasisha kwenye uzio wa kondoo wa mzee Athol. Idara iliandika tukio hilo kama kosa la kwanza la mtuhumiwa.

Bi Elvie Triffett, jirani yake Athol, alilisoma pale pale uziani, huku kondoo mmoja akitafuna nembo ya chini.

Bi Elvie alikuwa na umri wa miaka sabini na tisa na nyumba ya mbao iliyojengwa na baba mkwe wake, mtu aliyependa hewa safi kuliko ilivyo lazima. Upepo wa milima ya Tasmania uliingia humo kwa njia ambazo ungeweza kuzihesabu, na Bi Elvie alikuwa amezihesabu. Tangu Machi alizunguka nyumba kwa nje na bomba la silikoni, ubao kwa ubao. Aliziba pembe ya dirisha la jikoni. Aliziba pale bomba la maji linapopita ukutani. Aliziba tundu chini ya paa ambalo panya-buku wa mitini alikuwa amelifanya mlango wa familia, na kabla ya kuliziba alimgongea mwenyewe, akamngoja atoke na watoto wake. Kila jioni alitembea ndani na mshumaa juu ya kisosi. Mwali ukiinama, kesho yake alirudi nje na silikoni.

Sasa palibaki mahali pamoja tu, mlango wa nyuma, ambao chini yake ungeweza kupitisha gazeti la Jumamosi bila kulikunja. Dawa yake aliijua. Alikuwa na utepe wa mpira, alikuwa na ubao mrefu alioukata na kuupiga randa mwenyewe wa kuugandamiza utepe juu ya kizingiti, alikuwa na misumari. Shida ni kwamba mpira ni kitu chenye kiburi: ukipigilia upande huu, upande ule unafyatuka. Kazi hiyo lazima mmoja agandamize na mwingine apigilie. Kwa miaka hamsini na miwili mgandamizaji alikuwa mumewe Vern, na Vern alikuwa makaburini tangu mwaka juzi. Athol alikuwa na mkono kwenye plasta. Wengine wa barabara ile walikuwa wamekimbilia Queensland kuota jua mpaka Septemba.

Na kuni zilikuwa zinakwisha. Aprili zilikuwa safu tisa kibandani. Sasa zilikuwa tano, na baridi yenyewe ilikuwa bado inavua viatu mlangoni.

Binti yake, Jeanette, alipiga simu kutoka Hobart.

"Mama, nakuja Jumamosi ya tatu ya mwezi, na kipimajoto changu mwenyewe. Hicho chako ulikigandisha kwa gundi miaka ya nyuma kikabaki kinasema ishirini."

"Kinanipa moyo."

"Jikoni kukiwa chini ya nyuzi kumi na sita, unafungasha, unakuja kukaa kwangu. Nimeshakutandikia kitanda."

"Na Tuppy?"

Tuppy, mbwa mdogo mwenye sikio moja la kusimama, aliinua hilo sikio.

"Mama, unajua ghorofani kwetu mbwa hawaruhusiwi."

Kwa hiyo kesho yake Bi Elvie alijifunga kitambaa kichwani, akaenda Idarani.

Nyuma ya dirisha alikuta Murray Nibbs, Afisa Mkaguzi, amevaa koti, kofia na skafu, kwa sababu ya ule mlango wa mbele. Masharubu yake yalikuwa yametulia kwa adabu ya utumishi.

"Hujambo, Murray. Nilichotaka mimi ni—"

"Bi Elvie, polepole. Mtu hatakiwi kutaka kabla ya kusajiliwa. Kutaka ni sehemu ya sita ya fomu. Sisi tuko ya kwanza. Jina?"

"Murray, ulisoma dawati moja na Jeanette wangu. Umekula biskuti zangu za shayiri tangu una meno ya utotoni."

"Ndiyo, Bi Elvie, na nashukuru. Jina?"

Wakaenda hivyo. Sehemu ya pili ilihusu kuta. Sehemu ya tatu iliuliza upepo huingia kwa tabia gani: wa kunyemelea, wa kupiga mluzi, au wa kusukuma. Bi Elvie alijibu yote matatu, Murray akaandika kwa huzuni. Sehemu ya nne iliuliza kama upepo huo una ndugu. Ndipo wakafika ya tano.

"Vizuizi vya upepo vilivyopo nyumbani kwa sasa?"

"Nyoka wawili," alisema Bi Elvie.

Hollow Tier nzima, na kisiwani kote, hakuna mtu ambaye angeshtuka. Nyoka ni kile kitambaa kirefu kama soseji, kinachoshonwa, kinajazwa, kinalazwa chini ya mlango. Kila nyumba inacho. Mama mkwe hukushonea ukiolewa, na kama hakupendi anakushonea kifupi. Murray mwenyewe alikuwa na mmoja miguuni pake wakati ule ule. Akaandika kwa mwandiko safi: *Nyoka: 2*. Akagonga muhuri.

"Sehemu ya sita," alisema. "Mwombaji anataka nini?"

"Nilichotaka mimi ni—"

Saa ya ukutani ikagonga nne. Murray akashusha pazia la dirisha, taratibu, kwa heshima. Ilikuwa saa ya chai.

Siku ya tatu barua ilifika. *YAH: UFUGAJI WA NYOKA WAWILI NDANI YA MAKAZI BILA KIBALI.* Bi Elvie aliisoma mara mbili, akamsomea Tuppy, akapiga namba iliyokuwa chini. Akapokea msichana wa Kitengo cha Watambaao, huko makao makuu, mwenye sauti ya mtu aliyehamia karibuni kutoka mahali penye joto.

"Bibi, hao nyoka wako wana sumu?"

"Hapana, mwanangu. Wana suruali."

"Wana nini?"

"Ni suruali ya marehemu mume wangu. Mguu wa kulia uko mlango wa nyuma, wa kushoto uko chumbani."

"Bibi, nauliza kwa ajili ya kumbukumbu. Wanakula nini?"

"Mmoja nilimjaza mchele. Mwingine mchanga wa mtoni."

Kalamu ilisikika ikiandika, ikasimama.

"Umemlisha nyoka mchanga?"

"Kwa faneli. Halafu nikamshona mdomo."

Kalamu ilisikika ikianguka.

"Bibi," msichana alisema kwa sauti ya chini, "hilo ni kosa lingine kabisa."

Murray alikuja siku iliyofuata kwa gari la Idara, na kamba ya kupimia, mizani ya bafuni, na kamera. Bi Elvie alimwekea supu ya dengu, mkate na yai la kuchemsha, maana ukaguzi ni ukaguzi lakini mtu amepanda mlima.

"Murray, baba, hivi huoni ni kitambaa?"

"Mimi naona. Na wewe unaona. Lakini fomu inasema nyoka, na fomu ina muhuri."

"Basi mfute."

"Kumfuta nyoka kunahitaji cheti cha kifo."

"Hajawahi kuwa hai!"

"Ndiyo tatizo lenyewe, Bi Elvie," alisema Murray, akamenya yai lake. "Asingekufa kama hakuwa hai. Na asipokufa, yupo."

Aliwapima wote wawili urefu. Aliwapima uzito kwa kupanda mizani akiwa amewakumbatia, kisha kupanda peke yake, kisha kutoa. Aliwapiga picha za vitambulisho, uso mbele, masikio yaonekane. Masikio hayakuwepo, akaandika maelezo. Yule wa mlango wa nyuma, mwenye macho ya vifungo vya koti, akawa Nambari 001. Kisha Murray akafungua kijitabu cha kanuni, akasoma kwa sauti, kwa kuwa sheria inataka mfugaji asomewe.

"Nyoka aliyesajiliwa atapatiwa mahali pasipo na upepo, penye joto la nyuzi zisizopungua ishirini na sita, kwa gharama ya idara iliyomsajili."

Bi Elvie aliacha kijiko.

"Nyuzi ishirini na sita?"

"Ndiyo."

"Na mtu?"

Murray alipekua kijitabu mbele, akapekua nyuma, akatazama hata jalada.

"Mtu hajatajwa," alisema.

Athol alikuwa amesimama dirishani upande wa nje na plasta yake, kwa bahati mbaya, kama anavyosimama kila gari geni likiingia. Aligonga kioo.

"Elvie! Mimi nina wanne!"

Sitaki kusema kwamba Athol alieneza habari. Nasema tu kwamba alikwenda kwa daktari kuangaliwa mkono, akapitia duka la mikate, posta, baa na kwa mchungaji, na kufikia Jumatano foleni ya Idarani ilizunguka ukumbi mara mbili. Watu walikuja na nyoka wa kodirai, nyoka wa soksi, nyoka wa taulo za hotelini. Kulikuwa na nyoka wa sufu, aliyefumwa na dada wawili wasioongea, kila mmoja akianzia upande wake. Mchungaji alileta wa kanisani, mwenye msalaba mgongoni. Murray aliwasajili wote. Hakupata chakula cha mchana. Alhamisi jioni daftari lilifika nyoka mia nne na kumi na wawili.

Mkurugenzi Desmond Purkiss alisoma daftari hilo akiwa amesimama. Kwa mujibu wa kanuni, Idara yake ilipaswa kununua taa za joto mia nne na kumi na mbili, na kuziwasha mpaka baridi ipite.

"Kisiwa kizima hakina nyoka wa namna hii!" alisema. "Na huu ni Juni! Nyoka wote wamelala mashimoni!"

"Wa kwetu hawalali, mheshimiwa," alisema Murray. "Wako kazini."

Kikao cha dharura kilikaa. Ikaamuliwa kwamba Mkurugenzi mwenyewe aende kwa Nambari 001, amtazame kwa macho yake, na kutamka rasmi kwamba si nyoka. Akianguka wa kwanza, wengine wote watafuata. Siku ikapangwa: Jumamosi ya tatu ya mwezi, saa tatu asubuhi.

Jumamosi hiyo Bi Elvie aliamka mapema. Alipanga nyundo, misumari, utepe na ubao mezani jikoni, kama alivyokuwa akipanga kila siku tangu wiki mbili zilizopita, endapo angetokea mtu wa kumsaidia. Theluji nyembamba ilikuwa imelala juu ya kibanda cha kuni. Safu zilibaki tatu na nusu. Kipimajoto chake kilisema ishirini, kwa hiyo hakukitazama. Alitazama mwali wa mshumaa: ulikuwa umelala kabisa kuelekea sebuleni, kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Mkurugenzi alifika katika koti jipya refu la kijivu, lenye mkia mpana nyuma, na viatu vya ofisini. Murray alimfuata na faili.

"Bi Triffett," alisema Mkurugenzi, "leo serikali imekuja mlangoni kwako."

"Karibu, Des. Nafurahi kweli, maana nilichotaka mimi ni—"

"Tutafika huko, mama, tutafika. Yuko wapi huyu?"

Akainama amshike Nambari 001 mkia. Tuppy alinguruma.

"Samahani, mheshimiwa," alisema Murray. "Kanuni ya kumi na moja."

"Inasemaje?"

"Kizuizi cha upepo hakitaondolewa mahali pake hata kwa dakika moja kabla ya kuwekwa kizuizi mbadala chenye urefu ule ule au zaidi. Imewekwa saini na wewe, mheshimiwa. Hapa. Na hapa tena."

"Basi weka mbadala!"

Murray alizungusha macho jikoni. Alimpima Tuppy kwa kamba; akapungua sana. Alipima mkate. Yeye mwenyewe asingeweza, kwa kuwa ndiye mwandishi wa kumbukumbu, na kumbukumbu huandikwa kwa kusimama. Macho yake yakarudi polepole mpaka yakatua.

"Des," aliuliza Bi Elvie, "hivi wewe una urefu gani?"

"Mita moja na themanini na mbili," alisema Mkurugenzi kwa fahari, kabla hajafikiri.

Hivyo ndivyo Mkurugenzi wa Idara ya Upepo Usioalikwa alivyolala chali kando ya kizingiti cha nyuma, upande wa nje, kwa mujibu wa kanuni ya kumi na moja. Mlango ukafungwa. Ndani, Nambari 001 alibebwa hadi mezani. Murray akavaa miwani, akaanza kumchunguza kwa mpangilio, kuanzia kichwani.

Bi Elvie alichukua utepe na ubao kwapani, nyundo mkononi, misumari mdomoni, akatokea mlango wa mbele, akazunguka nyumba. Alipofika, Mkurugenzi alikuwa anatazama mawingu huku meno yakigongana.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Mmh," alisema Bi Elvie kwa misumari. Alilaza utepe kwenye kizingiti, akalaza ubao juu, akachukua mikono ya Mkurugenzi, mmoja baada ya mwingine, akaiweka juu ya ncha ya ubao, akaigandamiza kwa kiganja chake mpaka ikaelewa.

Mkurugenzi akagandamiza. Kwa mara ya kwanza tangu apate cheo, alishika kitu ambacho si kalamu, na kusema kweli alikishika vizuri.

Ko. Ko. Ko. Bi Elvie alipigilia kutoka ncha ile hadi ncha hii, msumari kila upana wa kiganja, bila haraka, kwa sababu mpira haupendi haraka. Hakuona mkia wa koti ulikuwa umeingia chini ya ubao. Labda hakuona. Alipigilia na pale pia, misumari minne, maana palikuwa na unene.

Aliporudi ndani alifungua mlango, akaufunga. Ulifungika kwa sauti ya mtu anayemeza mate. Akaweka mshumaa sakafuni. Mwali ulisimama wima kama askari. Tuppy aliunusa upande wa chini wa mlango, akashangaa, akaenda kulala kwingine.

Saa tano kasoro Jeanette aliingia kwa nyuma, akiruka juu ya kizingiti.

"Mama, kuna mtu mlangoni."

"Ni Mkurugenzi. Vua viatu."

Jeanette hakucheka, maana alikuwa amejikaza tangu Hobart. Aliweka kipimajoto chake juu ya meza, katikati ya nyoka na sufuria, akakaa mbele yake mikono imekunjwa. Jiko lilikuwa na vigogo viwili tu. Chai ilinywewa. Baada ya nusu saa kipimajoto kilisema kumi na nane. Alikigonga kwa kucha. Kikasema kumi na nane na nusu.

Alitazama chini ya mlango, akamtazama mama yake, akamtazama mbwa.

"Haya," alisema. "Nitamtandikia mgeni mwingine kile kitanda. Nitakuja tena Septemba."

Bi Elvie alimkatia kipande cha keki, kikubwa kuliko kawaida.

Huko nje palikuwa na kelele.

"Murray! Koti limenasa! Nivute!"

Murray alitoka na faili, akainama, akakagua.

"Mheshimiwa, wewe sasa ni kizuizi kilichopigiliwa. Kanuni ya kumi na moja inanizuia kukuondoa bila mbadala."

"Basi nipeni joto! Nitaganda hapa!"

"Joto ni haki ya nyoka, mheshimiwa. Mtu hajatajwa." Murray alilowanisha ncha ya kalamu kwa ulimi. "Niandike nyoka?"

Upepo ulipita juu ya theluji, ukaingia kwenye kola ya Mkurugenzi bila idhini. Athol alikuwa uziani na kondoo wote. Mkurugenzi alifumba macho.

"Andika," alisema.

*Nambari 413*, aliandika Murray. *Urefu: mita 1.82. Rangi: kijivu. Sumu: haijathibitishwa.* Akagonga muhuri, faili likiwa juu ya goti lake mwenyewe. Jeanette alitoka jikoni ghafla akaenda kibandani, na kicheko chake kilisikika huko kwa muda mrefu, kati ya kuni.

Bi Elvie alikuja na blanketi na kikombe cha chai, akamwinua kichwa anywe.

"Sasa nakutoaje, Des, baba?"

"Faili likifungwa, mbadala unaruhusiwa," alisema Murray, akipekua. "Na faili haliwezi kufungwa, kwa sababu sehemu ya sita iko wazi. Wiki mbili iko wazi. Sijui imekuwaje."

"Ijaze!" alilia Mkurugenzi. Akageuza shingo kadiri koti lilivyomruhusu, akamtazama Bi Elvie kutoka chini, makamasi ya baridi puani. "Mama, nakuomba. Ulikuja ofisini kwangu ukitaka nini hasa?"

Murray alishika kalamu tayari. Hata saa ya jikoni, iliyokuwa karibu kugonga, ilionekana kusita. Bi Elvie alitazama kama kuna atakayemkatiza. Hakukuwa na mtu. Akajifuta mikono kwenye aproni.

"Mtu wa kunishikia ubao," alisema.